Ngamia Hachapishi Vitabu: Fasihi ya Watoto, Wachapishaji na Kaskazini Mashariki ya Kenya

Utangulizi

Mwaka 1965 unastahili kukumbukwa na kila mhakiki wa fasihi ya watoto katika Afrika Mashariki. Katika mwaka huo, jijini Paris, Jean Fabre, Jean Delas na Arthur Hubschmid waliasisi l'école des loisirs, kampuni ya vitabu vya watoto iliyozaliwa ndani ya kampuni ya vitabu vya kiada iliyoitwa Éditions de l'École. Katika mwaka huo huo, jijini Nairobi, East African Publishing House ilianza kazi yake, na Bunge la Kenya likapitisha sheria iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba za Taifa. Mwaka huo huo tena, serikali ya Kenya ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, uliotoa kanuni kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kwanza katika maeneo yenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, mahali ambapo zingezaa faida ya haraka.

Matukio hayo manne hayakupangwa na mtu mmoja, na wala hayahitaji kufungwa kwa kamba moja ya njama. Hata hivyo, yakitazamwa kutoka Garissa, yanaeleza jambo moja. Wakati Nairobi ilipokuwa ikijipatia mchapishaji na maktaba, eneo lote la Kaskazini Mashariki lilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari, katikati ya vita vilivyoitwa vya shifta, vya kati ya mwaka 1963 na 1967. Eneo hilo halikuwa na ardhi ya chai wala mvua ya kahawa. Kwa kanuni ya Waraka Nambari 10, lilikuwa eneo la kungoja. Makala haya yanadai kwamba kungoja huko hakukuishia katika barabara na visima. Kuliingia katika fasihi, na hasa katika fasihi ya watoto, na kungali humo hadi leo.

Dai la pili la makala haya ni kali zaidi, kwa sababu linawahusu wahakiki wenyewe. Kila panapozungumzwa kuhusu vitabu na watoto wa Garissa, mazungumzo hukimbilia maktaba ya ngamia. Ngamia amekuwa jibu la swali ambalo halijaulizwa sawasawa. Swali la kwanza la fasihi ya watoto huhusu kuandikwa na kuchapishwa kwa kitabu: kimeandikwa na nani, kimehaririwa wapi, kinamzungumzia nani na kwa lugha gani. Namna ya kukibeba kitabu hicho hadi kwa mtoto ni swali la baadaye. Mbebaji hawezi kubeba kisichokuwapo.

Somo la Paris na mipaka yake

Kwa nini mfano utoke Ufaransa? Si kwa kuwa Ufaransa ni kipimo cha utamaduni wa watu wengine. Mfano huu unafaa kwa sababu l'école des loisirs ilianza mahali pale pale ambapo uchapishaji wa Kenya ulianzia, yaani katika biashara ya vitabu vya kiada. Jina lenyewe lina maana ya shule ya mapumziko au ya burudani, nalo linatangaza msimamo: mtoto ana haki ya kitabu ambacho hakitamuuliza maswali kwenye ukurasa wa mwisho.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba kampuni hiyo haikuikimbia shule. Iliitumia shule kuwa njia ya kumfikia msomaji. Wazazi hulipia usajili wa mwaka, na watoto hupokea vitabu vyao kupitia kwa walimu. Soko la shule likahifadhiwa, lakini silabasi haikupewa mamlaka ya kuamua kitabu kiwe nini. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa historia nzima ya kampuni hiyo.

Aidha, kampuni haikuanza na hazina ya waandishi wake yenyewe. Katika miaka ya mwanzo ilitegemea sana kazi zilizokwisha kutokea kwingine. Mnamo mwaka 1968 ilitoa Les Trois Brigands ya Tomi Ungerer, mzaliwa wa Strasbourg aliyekuwa amejijengea jina Marekani, na baadaye ikachapisha kazi za Leo Lionni. Kizazi cha akina Grégoire Solotareff, Claude Ponti na Philippe Corentin kilipata kiwanja baada ya kiwanja hicho kuandaliwa na tafsiri. Hadithi ya Ungerer inahusu majambazi watatu ambao nyoyo zao zinalainishwa na mtoto yatima. Mtoto wa Kifaransa alipewa majambazi wa kuwaogopa, kisha wa kuwapenda, bila mahubiri. Katika Kaskazini Mashariki ya Kenya, ambako neno shifta, lenye maana ya jambazi, lilibandikwa watu wa eneo zima, mtu anaweza kujiuliza ni kamati gani ya kuidhinisha vitabu ingekuwa na ujasiri wa kumpa mtoto hadithi kama hiyo.

Hata hivyo, mfano huu una mipaka, na asiyeitaja huuza bidhaa badala ya kuhakiki. Kwanza, kampuni hiyo ilikulia katika nchi tajiri yenye mtandao mpana wa maktaba, na mwaka 1981 dola ya Ufaransa ilitunga sheria ya bei moja ya vitabu iliyowakinga wauza vitabu wadogo dhidi ya maduka makubwa. Wale wanaosema kwamba uchapishaji wa watoto unaweza kuachiwa soko peke yake wasiitaje Ufaransa kuwa shahidi wao. Pili, shule ya Ufaransa hiyo hiyo ilikuwa imezikandamiza lugha za Kibretoni na Kioksitani kwa vizazi kadhaa. Mtoto aliyepewa burudani alipewa kwa lugha ya dola. Kwa hiyo Garissa inaweza kujifunza kutoka Paris namna ya kukitenga kitabu na mtihani, lakini kuhusu haki ya lugha Paris haina la kuifundisha.

Kitabu cha mtoto chini ya kivuli cha mtihani

Historia ya uchapishaji wa watoto nchini Kenya haikuanza vibaya. Katika miaka ya 1960, East African Publishing House, ambayo mwaka 1966 ilichapisha Song of Lawino ya Okot p'Bitek na The Promised Land ya Grace Ogot, ilitoa pia hadithi za watoto za waandishi kama Pamela Kola na Charity Waciuma. Oxford University Press nayo ilichapisha mfululizo wa Moses wa Barbara Kimenye, kuhusu mvulana mtundu wa shule ya bweni. Vitabu vya Moses vilisomwa na watoto wa Kenya, Uganda na Tanzania bila mwalimu kuwashurutisha. Ni ushahidi wa kutosha dhidi ya msemo mchovu kwamba mtoto wa Kiafrika hapendi kusoma.

Kilichoiangusha East African Publishing House hakikuwa ukosefu wa wasomaji. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983, na kampuni iliyojengwa kwa soko la nchi tatu ikabaki na soko la nchi moja pamoja na madeni. Haikuimaliza miaka ya 1980. Baadhi ya vitabu vyake viliokolewa na Phoenix Publishers. Somo la tukio hili ni muhimu kwa hoja itakayofuata: uchapishaji wa lugha inayovuka mipaka hufa mpaka unapofungwa, na huweza kuishi mpaka unapofunguliwa.

Baada ya hapo, uchapishaji wa Kenya ulizidi kuegemea darasani. Kenya Literature Bureau, iliyoundwa mwaka 1980, na Jomo Kenyatta Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1966, zilishika soko la vitabu vya kiada vilivyotayarishwa na Taasisi ya Elimu ya Kenya. Mwaka 1998 sera mpya ililifungua soko hilo kwa ushindani. Wengi walishangilia, lakini ushindani uliofunguliwa ulikuwa wa kumiliki somo la Hisabati na somo la Kiswahili. Haukumgusa mtoto anayetaka hadithi ya kulalia. Kuanzia mwaka 2018 serikali ilianza kununua kitabu kimoja kwa kila somo na kila darasa na kukipeleka shuleni moja kwa moja, hatua iliyozifanya kampuni zipiganie zabuni chache zenye thamani kubwa. Kabla ya hapo, sheria ya mwaka 2013 ilikuwa imevitoza vitabu kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Mchapishaji anayeishi kwa zabuni hawezi kulaumiwa kwa kuwaza zabuni. Anayepaswa kulaumiwa ni yule anayeyaita mazao ya hali hiyo fasihi ya watoto, bila kuuliza ni watoto gani.

Athari yake katika matini inaonekana waziwazi. Hadithi inayotaka kuingia katika orodha ya vitabu vya ziada vilivyoidhinishwa huandikwa kwa ajili ya mtoto wa wastani, na huyo mtoto wa wastani ana anwani. Anaamka jogoo akiwika, anapita kwenye shamba la mahindi, anavuka kijito, anamkuta nyanya akipalilia maharagwe. Mvua ni jambo la msimu, ng'ombe ni wawili au watatu, na safari ndefu ni ya kwenda mjini kwa basi. Mtoto wa Garissa anaweza kuisoma hadithi hiyo na kuifurahia, kama mtoto yeyote anavyoweza kufurahia hadithi ya mbali. Tatizo ni kwamba kwake kila hadithi ni ya mbali. Mto Tana anaoujua hupita katika nchi kavu. Mali ya babu yake huhesabiwa kwa ngamia, mbuzi na ng'ombe wanaohama. Kuhama kwenyewe, ambako kwake ni kalenda ya maisha, vitabu huelekea kukuchukulia kuwa tatizo la kutatuliwa kwa kuchimba kisima na kutulia mahali pamoja.

Kumfanya mtoto awe mgeni katika kila kitabu anachofungua ni aina ya elimu. Humfundisha kwamba maisha yanayoandikika ni ya watu wengine.

Ngamia na sifa zake

Mnamo Oktoba 1996, Huduma ya Maktaba za Taifa ya Kenya ilianzisha maktaba ya ngamia mjini Garissa kwa ngamia watatu. Baadaye huduma hiyo ilienezwa hadi Wajir. Msafara hubeba masanduku ya vitabu, hema na mikeka, na kuvifikisha vitabu mahali ambapo gari halifiki au huzama mchangani. Wafanyakazi wa huduma hiyo wanastahili heshima isiyo na masharti. Walitumia chombo cha wenyeji kutatua tatizo la wenyeji, na kwa kufanya hivyo waliwaaibisha wapangaji waliokuwa wamehitimisha kwamba mfugaji anayehama hawezi kufikiwa na kitabu.

Lakini uhakiki hauishii katika heshima. Lazima sanduku lifunguliwe. Kilichomo hakiwezi kuwa bora kuliko kilichochapishwa kwingine na kununuliwa, au kutolewa msaada na wafadhili. Ikiwa kampuni kubwa za Kenya zote zina makao Nairobi na zinaandika kwa ajili ya mtoto wa shamba la mahindi, na ikiwa wafadhili wa ng'ambo hutoa vitabu ambavyo watoto wao wamemaliza kuvisoma, basi ngamia anafanya kazi ngumu ya kupeleka nyikani picha za mashamba na za theluji. Mwendo huo una upande mmoja. Kitabu kinaingia Garissa, na hadithi ya Garissa haitoki.

Au tuseme, kwa usahihi zaidi, inatoka ikiwa imeandikwa na wageni. Mwaka 2005 Margriet Ruurs alichapisha My Librarian Is a Camel, kitabu cha watoto kuhusu maktaba zinazotembea duniani, ikiwamo ya Kenya. Mwaka 2007 Masha Hamilton, mwandishi wa Marekani, alichapisha riwaya ya The Camel Bookmobile, ambamo mkutubi wa kutoka New York anakuja Kaskazini Mashariki ya Kenya, na mgogoro unazuka kijana mmoja anapokosa kurudisha vitabu. Hakuna sababu ya kuwakejeli waandishi hao kwa kuandika. Walikiona kisa, wakakiandika, wakampata mchapishaji. Hapo ndipo penye uchungu. Wao walikuwa na mchapishaji. Mtoto wa Garissa, ambaye kwa kisa hicho ndiye mhusika mkuu, alikuwa na ngamia tu. Amekuwa picha katika kitabu cha mtoto mwingine kabla ya kuwa msomaji wa kitabu chake mwenyewe.

Dhegdheer ahamia Minnesota

Wapo wanaotetea hali hii kwa kudai kwamba fasihi ya Kisomali ni ya mdomo, na kwamba kuichapisha kwa ajili ya watoto ni kuiua. Dai hili halina mashiko. Mtoto wa Kisomali hulelewa na hazina kubwa: vitendawili viitwavyo halxiraale, hadithi za Dhegdheer, yule mwanamke mla watu mwenye sikio refu, visa vya Igaal Shidaad, mwoga mashuhuri, na hadithi za Wiil Waal, mtawala mwerevu. Kati ya mwaka 2007 na 2008, kituo cha taaluma za utu cha jimbo la Minnesota, Marekani, kilitoa vitabu vya picha vya hadithi hizo, vikiwa na Kisomali na Kiingereza katika kitabu kimoja. Dhegdheer, Wiil Waal, Igaal Shidaad na hadithi ya fungu la simba vyote vilipata wachoraji, wahariri na jalada gumu.

Je, hadithi hizo zilikufa? Hazikufa. Zilisomwa na watoto ambao wazazi wao walikuwa wamekimbia vita, na baadhi yao walikuwa wamepitia kambi za Dadaab, ambazo zilianza kufunguliwa mwaka 1991 katika eneo hilo hilo la Garissa. Kilichowezekana Minnesota hakikuwezekana kwa sababu hadithi zilikuwa bora kule. Kiliwezekana kwa sababu taasisi iliamua kwamba watoto wa jamii ngeni ni wasomaji wake, ikatenga fedha, ikawakutanisha wasimulizi na wachoraji, na shule zikawa tayari kununua. Vitu vinne tu: uamuzi, fedha, uhariri na mnunuzi. Hakuna hata kimoja kinachohitaji hali ya hewa ya Minnesota.

Ni jambo la kufedhehesha kwamba jamii ya Wasomali iliyofika jimboni humo kwa wingi katika miaka ya 1990 ilipata kitabu cha Dhegdheer kabla ya jamii iliyokuwa raia wa Kenya tangu siku ya uhuru kupata chake kutoka kwa mchapishaji wa taifa lake. Fedheha hiyo haiwezi kupakwa ngamia.

Hoja za wapinzani

Hoja ya kwanza ni ya lugha. Inasemwa kwamba Kisomali hakina wasomaji kwa kuwa hakikufundishwa. Hoja hii hulifanya kosa kuwa sababu ya kuliendeleza kosa. Kisomali kilipata maandishi rasmi ya Kilatini mwaka 1972, na kampeni za kisomo zilizofuata nchini Somalia zilionyesha jinsi lugha inavyoweza kuingia katika maandishi kwa muda mfupi. Nchini Kenya, tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, sera imekuwa ikisema kwamba mtoto afundishwe katika madarasa ya kwanza kwa lugha ya eneo lake. Sera ipo. Kilichokosekana ni vitabu vya kutosha vya kuifanya sera iwe zaidi ya sentensi. Zaidi ya hayo, wasemaji wa Kisomali wako Kenya, Somalia, Ethiopia na Djibouti. Kampuni za Nairobi hulilia soko dogo huku zikilipa kisogo soko linalovuka mipaka mitatu.

Hapa wataalamu wa Kiswahili wanapaswa kujihadhari. Ni rahisi kwao kusema kwamba jibu ni Kiswahili, na kuiacha Garissa ibadilishe Kiingereza kwa lugha nyingine iliyotoka nje. Kiswahili hakijengi heshima kwa kufanya kile kilichofanywa na shule ya Ufaransa kwa Kibretoni. Nafasi yake ni nyingine, na ni ya juu zaidi: kuwa daraja. Hadithi ya Wiil Waal ikitafsiriwa kwa Kiswahili itamfikia mtoto wa Kitui, wa Mombasa na wa Tanga, naye ataacha kumjua Msomali kupitia taarifa za habari peke yake. Vilevile Kisomali chenyewe kisigeuzwe dola ndogo. Kaskazini Mashariki na kando ya Tana kuna Waaweer, Wamunyoyaya na Wamalakote, ambao sauti zao ni hafifu zaidi. Mchapishaji wa Garissa atakayewasahau atakuwa amehamisha dhuluma kutoka Nairobi hadi Garissa.

Hoja ya pili ni kwamba jamii za wafugaji hazina utamaduni wa kusoma. Anayesema hivyo hajawahi kuikaribia duksi. Watoto wa Kaskazini Mashariki huandika na kusoma Kurani kwenye mbao tangu wakiwa wadogo, wakati mwingine chini ya mti, na huhama na mbao zao. Hiyo ni taasisi ya maandishi iliyodumu kwa karne nyingi bila zabuni ya serikali. Panapokosekana kitabu cha hadithi, kosa haliwezi kuwekwa kwa mtoto aliyekwisha zoea herufi.

Hoja ya tatu ni ya usalama: amani ije kwanza, vitabu vitafuata. Hakuna anayeweza kuipuuza hoja hii kwa wepesi. Mnamo tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Mnamo Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na walimu wengi wasio wenyeji wakahamishwa kutoka eneo hilo. Lakini hoja ya kungoja amani ni ya kale kuliko mashambulizi hayo. Sheria za hali ya hatari zilidumu hadi mwaka 1991, karibu miaka 28 baada ya uhuru, na katika muda huo wote usalama ulikuwa ndio sababu ya kila kilichokosekana. Kungoja huko hakukuleta amani. Aidha, ikiwa mwalimu wa kutoka mbali amelazimika kuondoka, basi kitabu kilichoandikwa kwa lugha ambayo mama, kaka au mwalimu mwenyeji anaweza kumsomea mtoto kinahitajika zaidi kuliko awali. Uhaba wa walimu unakidai kitabu hicho. Hauwezi kuwa udhuru wa kukiahirisha.

Hoja ya nne ni ya fedha, na ndiyo nyepesi kuliko zote. Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea na pia maktaba. Yaani mnunuzi wa vitabu vya watoto wadogo na mwenye kuvihifadhi ni serikali moja. Chukuliwe mfano wa kitabu cha picha cha nakala 3,000. Kaunti za Garissa, Wajir na Mandera zikiahidi kwa pamoja kuzinunua nakala hizo kwa ajili ya vituo vyao vya chekechea, mchapishaji hana hasara ya kuogopa. Hivyo ndivyo zabuni za vitabu vya kiada zinavyofanya kazi, na hakuna anayeziita sadaka. Katiba hiyo hiyo iliunda Mfuko wa Kusawazisha kwa ajili ya maeneo yaliyotengwa, ikiyataja maji, barabara, vituo vya afya na umeme. Hakuna mwenye akili anayetaka maji yapunguzwe ili vitabu vichapishwe. Lakini kutotajwa kwa kitabu kunaonyesha jinsi taifa linavyomwona mtu wa eneo kavu: ni mwili wenye kiu, na akili yake itashughulikiwa baadaye.

Wajibu wa idara za fasihi

Lawama ya mwisho inazirudia idara za fasihi na za Kiswahili. Katika idara hizo, fasihi ya watoto kwa kawaida hupewa kozi moja ya hiari. Wanafunzi wa uzamili huelekezwa kwenye riwaya za watu wazima, kwa sababu humo ndimo sifa ya kitaaluma inamopatikana. Vitabu vya watoto hutoka na kusahauliwa bila tahakiki, na mchapishaji asiyehakikiwa hana sababu ya kubadilika. Uhakiki uliochambua ukoloni katika kila kona ya riwaya umewapita watoto bila kuwasalimu.

Mifano ya kazi inayowezekana ipo nyumbani. Katika miaka ya 1980, Henry Chakava na Heinemann Kenya, iliyokuja kuitwa East African Educational Publishers mwaka 1992, walichapisha hadithi za watoto za Ngũgĩ wa Thiong'o za Njamba Nene kwa Kigikuyu. Huko Kisumu, Asenath Bole Odaga alianzisha kampuni yake nje ya Nairobi na kuchapisha kwa Kijaluo. Wala Chakava wala Odaga hakungoja kamati imwambie kwamba lugha yake ina soko. Tofauti ni kwamba Kigikuyu na Kijaluo vilikuwa na wasomi, wahariri na waandishi waliokuwa karibu na mitambo. Kisomali cha Kenya kimewekwa mbali nayo.

Umbali huo sasa unaweza kufupishwa. Chuo Kikuu cha Garissa, kilichofunguliwa upya Januari 2016 na kupewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2017, kipo mjini pale pale maktaba ya ngamia ilipoanzia. Kinaweza kukusanya hadithi kutoka kwa wasimulizi wa kike na wa kiume, kuwafunza wahariri wa Kisomali na Kiaweer, na kushirikiana na wachoraji. Idara za Nairobi, Eldoret na Dar es Salaam zinaweza kutoa watafsiri wa Kiswahili. Kazi hii haihitaji mtambo wa kuchapia, kwa kuwa kitabu kinaweza kupigwa chapa popote. Inahitaji meza ya mhariri iliyoko Garissa, yenye mamlaka ya kukubali au kukataa mswada. Anayeikalia meza hiyo ndiye anayeamua ni maisha ya nani yanayoandikika.

Hitimisho

Makala haya hayakudai kwamba maktaba ya ngamia ivunjwe, wala kwamba Garissa igeuzwe Paris ndogo. Yamedai kwamba usambazaji umesifiwa ili uchapishaji usiulizwe. L'école des loisirs iliweza kumpa mtoto kitabu kisicho cha mtihani kwa sababu ilikuwa na mhariri, mlango wa shule na dola iliyolinda biashara ya vitabu. Minnesota iliweza kumchapisha Dhegdheer kwa sababu iliamua. Kenya ina kaunti zenye wajibu wa kikatiba, chuo kikuu mjini Garissa, lugha yenye maandishi rasmi tangu mwaka 1972, na watoto waliokwisha zoea herufi kwenye mbao za duksi. Udhuru uliobaki ni mazoea.

Katika hadithi ya fungu la simba, wanyama huwinda pamoja, na wakati wa kugawana mwenye nguvu huchukua kila kipande kwa sababu mpya. Fedha za vitabu nchini Kenya zimegawanywa hivyo tangu mwaka 1965: kwanza kwa sababu ya mvua, kisha kwa sababu ya usalama, kisha kwa sababu ya soko. Wahakiki wa fasihi ya watoto wanapaswa kusema ni sababu gani wanayoikubali, na kumweleza mtoto wa Garissa ni kwa nini.